Nishani za babu aliyepita Keya: namna ya kuzisoma

Kama kwenu kuna kopo lenye nishani za mzee aliyepita Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), usianze kwa kuzisugua. Dawa ya kung'arishia shaba hula maandishi kidogo kidogo, na maandishi ndiyo unayoyataka. Igeuze kila nishani upande, usome ukingo wake kwenye mwanga wa dirishani.

Huenda usikute kitu. Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wetu kwa Vita Kuu ya Pili hazikuandikwa jina la mtu. Babu yangu alikuwa nazo nne za namna hiyo. Ukizichanganya na za jirani, huzitenganishi tena. Hata hivyo zinasomeka. Nyota zote zina ncha sita, kwa hiyo tazama jina lililochorwa katikati, na utepe. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyokoza wenye mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande mstari wa rangi ya machungwa ndani ya ile buluu. Kwa askari wengi wa Afrika Mashariki, hiyo ndiyo Divisheni ya 11, wale wa alama ya kichwa cha kifaru, waliopita bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Nyota ya Afrika ni ya waliopigana Somalia, Uhabeshi, Eritrea na Afrika ya Kaskazini. Madagaska haimo. Mzee aliyesimulia Madagaska ya 1942 na hana nyota hiyo, msimwite mwongo.

Nyuma ya nishani hizo mtu wetu tulimpata kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kilichokunjwa ndani ya Biblia ya bibi: namba yake, cheo, miaka, na bataliani ya 36, ya Watanganyika. Ukishapata bataliani, mlango umefunguka. Shajara za vita za bataliani zilizokwenda Burma zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu la WO 172, zimeandikwa siku kwa siku. Usitegemee kumkuta babu kwa jina. Maofisa waliandikana wao kwa wao, na askari mara nyingi ni idadi tu. Aliyepewa nishani ya ushujaa ndiye utakayemtafuta kwenye gazeti la serikali la London Gazette, ambalo husomwa bure mtandaoni. Jaribu jina kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, maana karani aliandika alivyosikia. Namba ya jeshi ndiyo ya kuaminika.

Ambaye hakurudi hutafutwa kwenye orodha za tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Wengi wasio na kaburi huko Burma majina yao yako Taukkyan, karibu na Yangon. Waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wamo kwenye mnara ulio makaburi ya vita ya Nairobi.

Sasa ile ngumu. Babu alikuwa mwanajeshi wa kazi, hakuondoka vita vilipokwisha, na nishani yake ya tano ina kipande cha fedha kwenye utepe kilichoandikwa KENYA. Hiyo ina jina lake na namba ukingoni. Ni ya vita dhidi ya Mau Mau, ambako askari wa Tanganyika nao walipelekwa. Baba mkubwa alitaka tuiache nje ya historia ya familia. Mimi naona iandikwe, mwaka na bataliani, bila kupambwa na bila kufichwa. Utumishi wa mtu hauchambuliwi kama mchele.

Kama mzee wenu bado yuko hai, usimuulize kama aliua. Muulize walikula nini, viatu vilikuwaje, sajini wao alikuwa wa kabila gani, melini walilala wapi. Babu kuhusu Kenya hakuwahi kusema zaidi ya baridi ya milimani, lakini kuhusu chakula cha Burma angeweza kukukeshesha.

Akija mnunuzi, ujue nyota zisizo na jina zipo tele. Anachokiwinda ni ile yenye jina, pamoja na cheti, kwa kuwa vikiwa pamoja bei hupanda. Atajifanya anataka moja tu. Piga picha kila kitu, mbele, nyuma na ukingoni, na utepe uliochakaa usiutupe. Mkilazimika kuuza, uzeni fungu zima.