Kamera za Spidi Nairobi: Nilichojifunza kwa Miaka 11 ya Kupeleka Maziwa Mjini

Afisa wa trafiki aligeuza kamera yake ya spidi nijionee mwenyewe. Kioo chake kilikuwa kidogo, upana wa kiberiti tu. Ndani yake niliiona pikapu yangu imepigwa kwa mbele, namba za usajili zinasomeka vizuri kabisa, na pembeni tarakimu mbili: 67. Barabara ile kikomo chake ni kilomita 50 kwa saa. Kibao cha 50 kilikuwepo kweli, ila kilikuwa juu ya mteremko na matawi yalikuwa yamekifunika nusu. Yeye alikuwa amesimama chini, kando ya nguzo ya umeme, mahali ambapo gari lenye mzigo hukimbia lenyewe hata usipokanyaga mafuta.

"Dereva, umezidisha 17," akasema kwa upole. "Hiyo ni elfu kumi. Ama tupelekane kortini?"

Nyuma nilikuwa na kreti 40 za maziwa na jua lilikuwa limeshachomoza. Nikatoa 2,000. Hakuna risiti iliyoandikwa.

Kesho yake nilipita pale kwa 45, na mita 300 mbele nikarudi 80. Zile 2,000 hazikunifunza mwendo, zilinifunza ile nguzo. Kwa hiyo kwa miaka mingi, kila tulipokaa na madereva wenzangu tukingoja kupakia na mtu akauliza kama hizi kamera ni za kutuokoa au za kutukamua, mimi nilikuwa wa kwanza kusema ni za kutukamua. Leo sisemi hivyo tena, lakini pia sikubaliani na wale wanaodhani kila anayelalamika ni mvunja sheria anayetafuta kisingizio.

Anza na viwango vya faini, kwa sababu madereva wengi hawavijui na kutojua huko ndiko kunakowagharimu. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinasema hivi: ukizidisha kasi kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa unapewa onyo. Ukizidisha 6 hadi 10 ni shilingi 500. Kutoka 11 hadi 15 ni 3,000, na kutoka 16 hadi 20 ni 10,000. Zaidi ya hapo unapelekwa mahakamani. Hebu tazama hapo katikati. Kati ya 15 na 16 pana tofauti ya kilomita moja kwa saa na shilingi 7,000. Dereva anayelipwa kwa siku hana 10,000 mfukoni, na aliyemsimamisha anajua hana. Mazungumzo ya pembeni huanzia hapo. Kamera iliyofungwa juu ya mlingoti haiwezi kuombwa msamaha wala kuomba chochote. Hupiga picha ya kila gari linalozidisha, la mwenye nacho na la asiye nacho, na deni likaandikwa kwa namba ya gari. Kamera ya mkononi inafuata moyo wa aliyeishika. Nimekutana na maafisa waliokataa hata soda, nawaheshimu sana, lakini usalama wa watu haufai kutegemea nani yuko zamu leo.

Sasa niwaambie kilichonigeuza.

Ilikuwa Githurai, karibu saa kumi na moja alfajiri, giza bado, manyunyu yanashuka. Wiki ile madereva walikuwa wakiambiana kuna maafisa wenye kamera kwenye kipande kile cha Thika Road, kwa hiyo nilikuwa nimeshuka hadi 50. Nilipunguza kwa kuogopea mfuko wangu, sikuwa nikimfikiria mtu yeyote. Mbele ya taa zangu akatokea mama mmoja na gunia la vitunguu kichwani, leso kiunoni, anavuka kuelekea upande wa soko. Gunia lilikuwa upande niliokuwa natokea, hakuniona. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kreti zikanifuata na kugonga ukuta wa nyuma wa kebini, na gari likasimama akiwa karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono dirishani ningemgusa bega. Hakupiga kelele. Alishika gunia kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Asante, baba," akaendelea kuvuka.

Nilikaa pale hadi matatu ya nyuma ikapiga honi.

Jioni nikachukua karatasi nikapiga hesabu, kwa sababu sikuweza kuitoa ile picha kichwani. Kwa 50, gari husafiri kama mita 14 kila sekunde. Kwa 80, mita 22. Na nguvu ya gari linalokwenda hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Gari la 50 linapokuwa limesimama kabisa, lile lililoanza kufunga breki mahali pale pale likiwa 70 bado linakwenda karibu 50. Na hapo sijahesabu muda wa jicho kuona na mguu kufika kwenye breki. Shirika la Afya Duniani linasema mtembea kwa miguu akigongwa na gari la 65, hatari ya kufa ni mara 4.5 ya ile ya kugongwa kwa 50. Mwendo wangu wa kawaida pale Githurai ulikuwa 80.

Watu husema kuna daraja la kuvukia, kwa nini hakulipanda? Beba gunia lile uende hadi daraja, upande ngazi, ushuke upande wa pili, alfajiri, ukiwa peke yako gizani, halafu tuongee. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 ilitupa njia nane za kukimbilia katikati ya mitaa iliyokuwa na watu tayari. Mwaka 2024, kwa hesabu ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, Kenya ilipoteza watu 4,748 barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni hao wanaotembea kwa miguu. Gari hawana, gavana ya spidi haiwahusu, na katika mabishano yetu ya kamera na faini hakuna anayewauliza.

Je, kamera zinasaidia kweli? Zinasaidia. Mwaka 2010 watafiti wa Cochrane, shirika linalochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti 35 kutoka nchi mbalimbali. Karibu na mahali penye kamera, ajali za kuua na kujeruhi vibaya zilikuwa zimepungua kwa asilimia 11 hadi 44. Hilo si jambo dogo. Lakini hata lalamiko la pesa si la Wakenya peke yao. Uingereza, kuanzia mwaka 2000, wasimamizi wa kamera waliruhusiwa kurudisha gharama zao kutoka kwenye faini, na wananchi wakanung'unika vile vile kama sisi. Serikali yao ikaagiza kamera zipakwe rangi ya manjano zionekane kutoka mbali, na mwaka 2007 ikaukata uhusiano huo kati ya faini na bajeti ya kamera. Kumbe kamera moja inaweza kuokoa watu na papo hapo ikawa inakusanya pesa. Anayetaka kujua ipi imezidi atazame ilipowekwa. Je, dereva ameonywa kabla kwa kibao kinachosomeka? Je, hapo pana watu wanaovuka, shule, soko, stendi? Au ni mteremko mtupu usio na mtu ila nguzo? Kamera ya Githurai alfajiri naitaka. Ile ya mteremkoni sikuipenda na bado siipendi.

Jambo lingine linalonikera ni namna kamera ya mahali pamoja inavyotufanya tupunguze kwa mita 500 kisha tukimbie kufidia. Dawa yake ipo. Scotland, kwenye barabara ya A9, tangu mwaka 2014 kamera hupima muda uliotumia kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine na kutoa wastani wa mwendo. Hapa kwetu Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia, ina kilomita 27, kikomo chake ni 80, na kuna mageti ya kuingilia na kutokea. Aliyetoka Mlolongo akafika Westlands chini ya dakika 20 amezidisha, hakuna haja ya mtu kujificha mahali popote ili kulijua hilo.

Wewe unayeendesha kila siku, nakushauri ninayoyafanya mwenyewe. Ukisimamishwa, shusha kioo, msalimie afande, kisha uombe kuona picha. Soma namba ya gari kwanza, maana magari ya rangi moja huwa mengi, halafu mwendo, halafu saa. Kwenye mwendo huo toa kikomo cha barabara, upate umezidisha ngapi, uijue faini yako kabla hujatajiwa. Omba iandikwe na ulipe kwa njia rasmi ya serikali, upate risiti. Usitoe pesa mkononi hata ukiwa na haraka namna gani. Ukiambiwa umekimbia na hakuna picha, kumbuka kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haikubali mtu ahukumiwe kwa maoni ya shahidi mmoja tu kuhusu mwendo wake. Mimi niliwahi kuchagua kwenda mahakamani. Ilinila siku nzima, na maziwa ya siku hiyo yalipelekwa na vijana wawili wa bodaboda niliowalipa. Lakini nililipa kidogo kuliko nilichotishiwa, na nilirudi na karatasi yenye muhuri.

Halafu kuna hili la kumulikiana taa. Nairobi dereva ukiona kamera unawamulikia wanaokuja, ni undugu wetu wa barabarani, na nimeufanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeacha. Siku hizi namulika nikiona mtoto ukingoni anataka kuvuka, na ili aliye nyuma yangu aone pia, nawasha taa za hazadi.

Na haraka yenyewe, ipigie hesabu. Kutoka kwangu Ruiru hadi ninakoanzia kushusha ni kama kilomita 20 za barabara kuu. Kwa 80 ni dakika 15, kwa 100 ni dakika 12. Nilikuwa nahatarisha watu kwa dakika tatu, kisha nazimaliza zote kwenye foleni ya Pangani. Zamani nilikuwa nawasha gari saa kumi na nusu. Sasa nawasha saa kumi na dakika ishirini, chai naibeba kwenye thamosi, na nikikaribia Githurai nashuka hadi 50, awepo mwenye kamera au asiwepo.