Kwa wewe unayeanza kazi ya kamera za akili mnemba magerezani

Kabla hujaanza kufunza modeli yoyote, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye video, omba kibali ukae na askari wa zamu kwenye chumba cha kamera, hasa usiku. Utamkuta mtu mmoja na skrini nyingi, macho yamechoka, huku mwenzake yuko peke yake bwenini katikati ya wafungwa. Huyo wa bwenini ndiye unayemfanyia kazi. Ugomvi ukizuka, akizingirwa au akianguka, wenzake wajue papo hapo. Hong Kong walikuwa wakijaribu kamera za kutambua matukio yasiyo ya kawaida katika gereza la Pik Uk tangu 2019, kwa hiyo teknolojia ipo. Kinachosumbua ni kuifanya iaminike.

Uliza kwanza modeli imejifunza ugomvi kutoka wapi. Mkusanyiko mmoja wa video uliotumika sana tangu 2011 una klipu 1,000 za mechi za hoki ya barafuni: wachezaji wenye kofia ngumu, uwanja mweupe, taa kali. Modeli iliyolelewa huko ukiipeleka bwenini, penye mwanga hafifu na watu waliobanana, itaona kukumbatiana ikadhani ni vita. Mkusanyiko mwingine, RWF-2000, wenye klipu 2,000 za kamera za ulinzi, una afadhali, ila nao si gereza lako. Rekodi mazoezi ya askari palepale wanapofanyia kazi: waigize kuanguka, kuvutwa, kuinama chini ya kitanda wakati wa upekuzi.

Jambo jingine ni sare. Mchana modeli humtofautisha askari na mfungwa kwa rangi ya nguo bila shida. Usiku kamera zikihamia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, na rangi uliyoitegemea haipo tena. Pima usiku kando, usichanganye na matokeo ya mchana.

Halafu kengele za bure. Chukua kamera 100: kila moja ikikosea mara moja tu kwa siku, kengele inalia bila sababu kila baada ya dakika 14 hivi. Haichukui muda askari atazima sauti. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kukosa mfumo kabisa, maana yule wa bwenini anaingia akiamini kuna anayemwangalia. Ni heri uanze na kona chache zenye hatari, upate imani ya askari, ndipo uongeze.

Ukiambiwa uweke na utambuzi wa nyuso, soma ripoti ya Desemba 2019 ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani. Programu nyingi za kutambua nyuso walizopima zilifananisha watu kimakosa mara nyingi zaidi kwa nyuso za watu wa Afrika Mashariki na Magharibi. Kujua askari ameanguka hakuhitaji jina la mtu. Mkao wa mwili unatosha.

Siku ya majaribio, acha asilimia za usahihi wa modeli. Shika saa, uhesabu sekunde tangu askari aanguke hadi mwenzake wa kwanza afike mlangoni.