Usikubali springi ichomwe gesi

Ndugu, toa hiyo gari kwa fundi kabla hajawasha gesi. Umesema una pikapu ya Datsun 1200 huko Kisumu, unataka ishuke mbele kwa pesa kidogo, na fundi amekuahidi kwa 1,500 ataichoma springi ikae chini bila kufungua chochote.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo hapa Nakuru. Fundi alijilaza chini, akapuliza moto kwenye springi hadi ikawa nyekundu, gari ikashuka yenyewe. Ilipofika alipotaka, akaimwagia maji. Dakika 20, kazi imekwisha. Ilipendeza, sikatai.

Wiki ya kwanza shokabsoba za mbele zikaanza kuvuja mafuta. Kwenye Datsun shokabsoba inapita katikati ya springi, kwa hiyo ule moto ulikuwa umepika sili zake. Wiki ya tatu upande wa kushoto ulikuwa chini ya wa kulia kwa vidole viwili. Chuma cha springi hupewa nguvu kiwandani, kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichoma hadi kiwe chekundu, umefuta kazi hiyo yote. Kinalainika, kila siku kinazidi kulala. Na pale kilipomwagiwa maji kingali chekundu, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae.

Yangu ilivunjika. Nilikuwa natoka Mau Narok na magunia manne ya viazi, nikafunga breki kwenye tuta kabla ya Njoro. Nikasikia mlio kama wa risasi, usukani ukavuta kushoto. Ncha ya springi ilikuwa imepasua tairi ubavuni. Mke wangu alikuwa kando yangu, amempakata mtoto. Gari ilisimama hatua mbili kutoka mtaroni. Springi, shokabsoba, tairi na kuvutwa hadi mjini vilinila 38,000.

Nilipomrudia yule fundi, akaniambia nilibeba mzigo mwingi. Magunia manne! Pikapu ni ya kubeba nini basi? Alikuwa akichoma springi za watu kila wiki. Haiwezekani hakuwahi kuona hata moja ikirudi imelala. Alijua, akachukua pesa yangu, akaniacha niweke mtoto ndani. Hilo sijamsamehe.

Kama lazima ishuke, springi itolewe nje, ibanwe kwa vibanio viwili maana ikifyatuka inaua, ikatwe kwa grinda ikiwa baridi. Nusu mzunguko tu, pande zote mbili sawa, kisha irudishwe na upime. Kama ncha yake imelazwa bapa, springi hiyo usiikate kabisa. Halafu piga jeki: gurudumu likining'inia, springi bado iwe imebanwa kwenye vikombe vyake, pale inapokalia juu na chini. Ikicheza, umekata kupita kiasi. Ukimaliza, peleka gari ikapigwe alainimenti, yaani magurudumu yanyooshwe, kabla haijala matairi.

Jirani yangu ana Hilux ya zamani yenye toshoni baa, ile fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi. Yeye alilegeza boliti tu. Usimsikilize mtu wa namna hiyo, Datsun yako haina kitu hicho.

Na kama fundi ameshachoma upande mmoja, usiiendeshe hata hadi nyumbani. Nunua springi mbili za mtumba, zifungwe hapo hapo iliposimama.