Staa Hakopi Sukari

"Anko, wewe si unamjua?"

Swali hilo hunifikia karibu kila mwezi. Safari hii lilitoka kwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 19 anayekaa Manyatta hapa Kisumu. Kulikuwa na shoo Nakuru. Tiketi ya kawaida 1,500, ya VIP 4,000, naye aliitaka ya VIP kwa sababu aliambiwa watu wa VIP hupiga picha na msanii. Pesa alikuwa nazo, akiba ya kusomea udereva. Kwangu alitaka simu moja tu, nimwombee asogezwe mbele kabisa.

Mimi ni mtu wa saundi. Kwa zaidi ya miaka 20 nimebeba spika na kukunja nyaya kwenye majukwaa kuanzia Busia hadi Nakuru. Nimewafungia maiki wanamuziki, wanasiasa na wahubiri (hao wa mwisho ndio wasumbufu kuliko wote). Kwa hiyo watu wa mtaa wameamua kwamba mimi nawajua mastaa.

Ni kweli, nawajua. Huyo msanii wa Nakuru najua anapenda spika ya kujisikilizia iwe juu mpaka fundi aumwe na kichwa. Najua hunywa maji vuguvugu na hataki tangawizi. Lakini hatujuani. Tukipishana Oginga Odinga Street siku ya kawaida atanipita kama nguzo ya stima, na hatakuwa amenikosea. Kujua ni kitu kimoja, kujuana ni kingine, na watu wengi wanaolia kwa ajili ya staa wamesahau kwamba hiyo "-ana" haipo.

Hili si jambo la vijana wa TikTok peke yao. Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni waliojiona marafiki wa watu wasiowahi kukutana nao. Mtangazaji akikutazama kwenye kioo na kuzungumza kama aliyekaa sebuleni kwako, moyo wako humpokea kama mgeni wa kweli. Na kabla televisheni haijafika kijijini kwetu, redio ilikuwa imeshafanya kazi hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia chenga za Joe Kadenge wa Vihiga kama mtu aliyesimama kando ya uwanja na vumbi likampata machoni. Zote alizisikia redioni. Akifika kwenye "Kadenge na mpira!" anasimama kabisa, chai inamwagika.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko baba. Nilikuwa na miaka 18, nyumbani Ahero, na nilimpenda mwanamuziki mmoja ambaye sitamtaja. Nilivaa kofia kama yake. Nilijifunza kucheka kama yeye. Msimu wa kulima ulipofika, mama alinipa shilingi 2,000 nimpelekee mwenye trekta atulimie shamba la mpunga. Jumamosi hiyo huyo bwana alikuwa anapiga Nakuru. Unajua tayari nilikoenda.

Baada ya shoo nilijipenyeza hadi kwenye gari lake. Akanitazama usoni, akasema, "Kijana, shika mlango." Nikashika. Nilisimama pale kama askari wa ikulu, nikijiambia kwamba kati ya watu wote wale amenichagua mimi. Mabegi yakaingia, magitaa yakaingia, wasichana wawili wakaingia, yeye akaingia. Akaniambia "asante," akafunga mlango mwenyewe, wakaondoka. Nikabaki na mkono hewani, saa tisa usiku, baridi ya Nakuru, na shilingi 40 mfukoni.

Waliobaki uwanjani ni watu wa mitambo. Mzee mmoja aliniona nimeduwaa, akanirushia waya: "Kama umesimama bure, kunja." Nilikunja nyaya mpaka kukapambazuka. Wakaninunulia chai na mandazi, wakanipakia nyuma ya lori mpaka Kericho. Kazi ninayofanya leo ilianzia hapo. Mpunga wetu, lakini, ulipandwa umechelewa msimu ule, na mama aliongea nami kwa kifupi sana hadi Krismasi.

Nimejiuliza sana kwa nini nilimpenda mtu yule kuliko watu walionilisha. Jibu nililipata baadaye, kwa jirani yangu wa Nyalenda. Huyu jirani hukopa sukari na harudishi. Alichukua toroli langu likarudi bila upepo. Kuku wake wamekula sukuma zangu tangu serikali iliyopita. Sasa mlinganishe na staa. Staa hakopi sukari. Hajawahi kuja kwako siku ambayo huna kitu. Hujamwona akiwa na njaa, au akimjibu mkewe vibaya, au akikwepa zamu ya kulipia choo cha ploti. Sehemu yake usiyoiona unaijaza wewe mwenyewe, na nani anajaza pengo kwa ubaya? Ni rahisi mno kumpenda mtu wa namna hiyo. Baba alipofariki, aliyeleta hema kwa toroli lile lile na kulala siku tatu kwenye moto wa matanga ni mwizi wa sukari yangu.

Halafu kuna sababu ya pili, na hii sisi watu wa ziwa tunaifahamu vizuri: sifa ya kuazima. Barack Obama alipochaguliwa, Rais Kibaki alitangaza Novemba 6, 2008 siku ya mapumziko nchi nzima. Mimi nilikuwa Kondele nikiruka na watu nisiowajua, tukimwita "jathurwa," mtu wetu. Watoto wakaitwa Obama. Hata bia ya keg ya Senator ikaitwa Obama. Aliposhinda yeye, sisi tuliozoea kusahauliwa tulihisi tumeonekana, na sijutii hata mruko mmoja. Lakini Julai 2015 alikuja Kenya akiwa rais, akaishia Nairobi. Kogelo, kijijini kwa baba yake, walikuwa wamejiandaa, na nilisikia watu wazima wakilalamika kama waliokosewa na mtoto wao wa kuzaa. Mtu ana walinzi, ratiba na nchi ya kuongoza. Alifika Kogelo Julai 2018, akiwa ameshatoka madarakani, kufungua kituo cha vijana cha dada yake Auma. Ukishamwita mtu "wetu" bila yeye kuweka sahihi, usimtoze riba.

Mara ya kwanza kwenda kazini Iten nilishangaa. Alfajiri wakimbiaji walipita kwa makundi, wengine nimewaona kwenye televisheni wakipigiwa wimbo wa taifa, na mama aliyekuwa anauza maziwa kando ya barabara hakuinua hata uso. Anawaona kila siku wakihema, wakitema mate, wakichechemea. Eliud Kipchoge mwenyewe, aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, anajulikana kwa kushika zamu ya kusafisha vyoo katika kambi ya Kaptagat kama wenzake. Sidhani yule mama anawaheshimu kidogo kuliko mimi. Nadhani anaheshimu kitu anachokiona: kazi.

Ila msinielewe vibaya. Kelvin Kiptum alipofariki kwa ajali usiku wa Februari 11, 2024, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana, akiwa na miaka 24 na rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:00:35 aliyoiweka Chicago, mwanaboda mmoja hapa Kondele alilia mbele ya wateja. Chepkorio, kwao Kiptum, hajawahi kufika. Wenzake walimcheka, na niliwakemea. Uchungu wa upande mmoja nao ni uchungu.

Kwa hiyo simkatazi mtu kupenda. Ninachouliza ni pesa hiyo ilikuwa ya nini. Ukishalipa nyumba na ukatuma ya nyumbani, nenda kacheze mpaka viatu viachane. Ikiwa ni pesa ya trekta, kaa chini. Na ukiona umemnunia rafiki wa damu kwa sababu amemtusi msanii asiyejua jina lako, kama alivyofanya huyu mpwa wangu (wiki tatu hawakuongea, na walikuwa wanashea chumba!), zima simu, mkapike ugali pamoja.

Kwenu nyinyi mnaofahamika kuwa "karibu" na watu wakubwa: msigawe nambari. Nilimpa binamu yangu nambari ya mwimbaji mmoja kwa sababu alinibembeleza kwa jina la marehemu nyanya yetu. Alimpigia saa saba usiku kuomba mchango wa mazishi. Mwimbaji hakunifokea hata kidogo. Alibadilisha nambari tu, na shoo zake tatu zilizofuata zikaenda kwa fundi mwingine.

Sasa huyu kijana. Simu sikupiga. Nilimwambia, "Twende tukafanye kazi." Tulifika Nakuru saa kumi alfajiri, akabeba spika mpaka mabega yakamwasha, akajigonga kidole na chuma cha jukwaa. Msanii alichelewa kwa muda wa saa tatu. Watu nje walisema ni maringo. Kijana aliyekuwa nyuma ya jukwaa na mimi alimwona kwenye gari, anakula chipsi zilizopoa, anabishana kwenye simu kuhusu salio ambalo promota hajalipa na mafuta ya kurudi nyumbani. Alipiga miayo kama watu wote. Kisha akapanda jukwaani, na sijui alitoa wapi nguvu zile. Mpwa wangu alisahau kabisa kushika waya niliomwambia ashike.

Picha aliipata, dakika moja, karibu na jenereta. Tulipokuwa tunarudi alilala kabla ya Salgaa. Ile 4,000 iliingia shule ya udereva. Sijui kama ni kwa ajili ya maneno yangu au kwa sababu mama yake aliichukua mapema. Karibu na Awasi aliamka, akaiweka picha mtandaoni na kuandika chini yake: "Mimi na kaka yangu."

Nilimtazama, kidole kimefungwa plasta, anahesabu walioipenda. Nikatoa simu yangu nami nikaipenda.