Kwa Anayeanza Kuwapima Wachezaji wa Vyuo Kabla ya Drafti ya NBA

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kupima wachezaji wa mpira wa kikapu nililifanya mwaka 2009, na lilitokana na mapenzi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa akimaliza mwaka wake wa tatu katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, akizuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo, nami niliyekuwa ndiyo kwanza naanza kuandika tathmini za wachezaji nilimpandisha juu ya karibu wote. Ukipenda, chongo huita kengeza. Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika drafti ya mwaka huo (wa vijiweni wanisamehe, hii siyo ile ya vizibo vya soda, bali ni uteuzi ambao timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, hupokezana kuchukua wachezaji wapya), na nafasi tano baadaye Golden State Warriors wakamchukua Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa, kutoka chuo kidogo cha Davidson. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini ya kukuza wachezaji.

Ninaanza na hilo kwa sababu ushahidi ulikuwepo, na niliuona. Februari 2009 Connecticut walikutana na chuo cha Pittsburgh, na DeJuan Blair wa Pittsburgh, ambaye Thabeet alimzidi urefu kwa takriban sentimita 20, alimaliza mchezo akiwa na pointi 22 na ribaundi 23 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka). Ukimtazama mchezaji wa aina ya Blair, acha kuufuata mpira na utazame miguu yake: anafika mapema, anakunja magoti, anaegemeza nyonga zake kwenye mapaja ya mpinzani na kumsogeza hatua moja kabla mpira haujagonga chuma, hivyo urefu wote ule unabaki umenyooshwa mahali ambapo mpira hauendi. Katika ripoti yangu niliandika kwamba Thabeet alikuwa na siku mbaya. Kumbe siku hiyo moja ilikuwa na habari nyingi kuliko michezo kumi aliyowatawala watu wasiofika mabegani mwake, maana katika NBA wenye nguvu kama za Blair hukutana nao kila usiku, na wengi wao ni warefu kuliko Blair.

Kwa hiyo kila takwimu ya chuoni iulize imepatikana dhidi ya nani, na chini ya kanuni gani. Swali la kanuni ndilo wageni wengi hulisahau. Katika mchezo wa vyuo, senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, anaruhusiwa kusimama chini ya kikapu chake kwa muda anaotaka akisubiri wanaokuja. Katika NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi ambaye hayuko karibu na mpinzani wa kumkaba haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lile la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu. Mzuiaji hodari wa chuoni hulazimika kutoka nje, kumkabili gadi (mchezaji wa nje) mwepesi penye uwazi, kisha kurudi, na uwezo wa kufanya hivyo hauonekani popote katika hesabu ya mitupo aliyozuia. Utauona kwenye video tu, katika zile nafasi chache ambazo mpinzani alimvuta mbali na kikapu, nami siku hizi huzitafuta hizo kwanza na kuziandika moja moja kwenye daftari, pamoja na dakika zilipotokea.

Mitupo ya mbali nayo ina mitego yake. Mstari wa pointi tatu wa vyuo ulikuwa mita 6.32 hadi uliposogezwa kwenye mita 6.75 mwaka 2019, ilhali ule wa NBA uko mita 7.24, isipokuwa pembeni. Usilinganishe basi asilimia za kijana wa 2012 na za kijana wa leo kana kwamba walisimama mahali pamoja. Kubwa zaidi ni uchache wa mitupo yenyewe. Mchezaji anayerusha mitupo minne ya pointi tatu kwa kila mchezo katika michezo 35 amerusha 140 tu, na tofauti kati ya asilimia 36, anayeitwa wa kawaida, na asilimia 41, anayeitwa mlengaji, ni mitupo saba kwa msimu mzima. Ndiyo maana huangalia mitupo huru, ambayo umbali wake ni uleule chuoni na NBA na haina mtu wa kuizuia. Lonzo Ball alitoka chuo cha UCLA mwaka 2017 akiwa na asilimia 41 za pointi tatu lakini 67 tu za mitupo huru, na msimu wake wa kwanza wa NBA pointi tatu zikashuka hadi karibu asilimia 30. Hata hivyo kipimo hiki si msahafu. Kawhi Leonard katika miaka yake miwili kwenye chuo cha San Diego State aliingiza takriban robo tu ya mitupo ya pointi tatu, kisha makocha wa San Antonio, timu yake ya NBA, wakamrekebisha namna ya kurusha na akawa mlengaji wa kutegemewa.

Kuhusu vipimo vya mwili nitasema machache: urefu wa mikono na kimo cha mkono ulionyooshwa juu vina maana kuliko kimo cha kichwa, na nguvu za kunyanyua vyuma zina maana ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kevin Durant mwaka 2007 hakuweza kunyanyua kilo 84 hata mara moja.

Umri nao upimwe, kwa kuwa kijana wa miaka 19 na wa miaka 22 wenye takwimu sawa hawako sawa, maana mdogo ana nafasi zaidi ya kukua, ila nadhani timu hulipatia jambo hili uzito kupita kiasi. Draymond Green alikaa Michigan State miaka minne na akachaguliwa wa 35 mwaka 2012. Jalen Brunson wa Villanova akachaguliwa wa 33 mwaka 2018. Wote wawili wakaja kuwa nyota wa NBA, na walikuwa wamekwisha kuonyesha hadharani, kwa miaka kadhaa, namna wanavyosoma mchezo.

Mwisho, andika tarehe kwenye kila ripoti na usiifute ukishakosea. Ile yangu ya Thabeet ina kurasa tatu, na mchezo wa Pittsburgh una mstari mmoja ndani yake.