Kwa anayeandaa mchezo wa vijana Weusi huko Ohio: anza jikoni kwa bibi

Mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu limenigusa. Unasema upo Columbus, kanisa la mtaani kwenu limekuomba uwasaidie vijana wa Kimarekani Weusi kuandaa mchezo wa kuigiza wa Februari, mwezi wa historia ya Weusi, kuhusu asili na familia zao, na wewe kama Mtanzania unaogopa kuharibu. Unauliza uanzie wapi. Mimi nipo Cleveland mwaka wa 14 sasa, na miaka sita ya mwisho Jumamosi zangu nyingi zimeishia na kikundi kama hicho, watoto wa miaka 10 hadi 17, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Nakueleza yaliyotukuta.

Usianze na skripti, wala usianze na mashujaa. Mwaka wangu wa kwanza nilijifungia nikaandika mchezo mzima peke yangu: meli, mnada wa watumwa, Harriet Tubman (yule mama aliyewatorosha watumwa), Martin Luther King, halafu ngoma ya kufungia. Watoto wakakariri vizuri tu. Siku ya mazoezi ya mnada nikamsimamisha binti wa miaka 11 juu ya kiti, kijana mwingine akaanza kutaja bei. Bibi yake alikuwa amekuja kumchukua, kasimama mlangoni na koti lake. Akapita katikati ya viti, akamshika mjukuu mkono, akamteremsha, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hapandi hapo." Hakugomba. Wakaondoka.

Kesho yake nilikwenda kwake kuomba radhi, na onyesho lile sikulirudia tena. Nakusihi ndugu yangu, mtoto wa watu usimpandishe mnadani hata kwa igizo. Mimi utumwa wa Marekani niliusoma darasani. Yule bibi naye amelelewa na bibi yake, na huyo bibi wazazi wake walizaliwa utumwani. Ni watu wa nyumbani kwake hao, anawajua kwa majina.

Sasa, mchezo wa kweli tuliupata siku ile ile, jikoni kwake. Alinipa chai, akaanza kunisimulia walivyotoka Alabama kwa treni yeye akiwa na miaka sita. Mama yake aliwafungia chakula kwenye boksi la viatu: kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, vipande vya keki, vyote vimeviringishwa kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Mtu mweusi njiani hakuwa na uhakika wa kuhudumiwa, kwa hiyo ulibeba chako. Alikuwa anakumbuka mpaka chumvi ilivyokunjwa kwenye kijikaratasi chake, pembeni ya mayai.

Nilimwomba aje awaambie watoto mwenyewe. Akaja na boksi, na ndani kuna kuku. Tukapanga viti viwili viwili kama behewa, watoto wakaketi, boksi likafunguliwa na harufu ikajaa ukumbi mzima. Walimuuliza maswali kwa saa nzima, wale wale waliokuwa wananipigia miayo.

Hapo ndipo historia kubwa ikapata pa kuingilia. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 watu Weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya Kusini kwenda Kaskazini na Magharibi. Hapa Cleveland walikuwa kama 8,400 mwaka 1910, na kufikia 1930 walikaribia 72,000, wengi wao kutoka Alabama na Georgia. Ukimpa kijana namba hizo peke yake atazisahau. Akishajua kwamba bibi wa rafiki yake alikuwa ndani ya behewa, anaanza kuuliza wa kwao walipanda treni gani.

Kwa hiyo kila kijana mpe mzee mmoja wa ukoo wake na simu ya kurekodia. Maswali yawe madogo: nani alikuwa anakusuka nywele? Jumapili mlikula nini? Nani mliyemwacha Kusini? Ukimwambia mzee "tusimulie historia yako" atakupa sentensi mbili na kunyamaza. Na kabla neno lake halijapanda jukwaani, mrudie, umsomee, akubali. Kuna mzee wetu mmoja alitaka sehemu nzima kuhusu kaka yake iondolewe. Tuliiondoa bila kumuuliza sababu.

Halafu mtafika kwenye ukuta, na hapa naomba unisikilize vizuri. Watu wengi wakifuatilia ukoo hukwama mwaka 1870, kwa kuwa sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Kwenye sensa za 1850 na 1860, waliokuwa watumwa wameorodheshwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki: umri, jinsia, rangi, na kwa kawaida hakuna jina. Kijana atakayeona mstari "mwanamke, 30, mweusi" atakuuliza, ndiye huyu? Hutaweza kumjibu.

Sisi Waafrika tukifika hapo tunashikwa na tamaa ya kuliziba lile pengo kwa vitenge, ngoma na hadithi za wafalme. Kijana wa miaka 15 aliniuliza kabila lake ni lipi, na mimi nawataja babu zangu vizazi saba bila kushika kalamu. Niliona aibu kubahatisha. Tukaliacha pengo wazi mbele ya watu. Watoto walisimama mstari mmoja, kila mmoja akasoma umri, jinsia na rangi ya mtu asiye na jina, kisha akakaa. Mwishoni binti yule niliyekosea kumpandisha kitini akasimama, akasoma familia yake katika sensa ya 1870, majina ya watu saba, kuanzia mama hadi kichanga. Ukumbini ungesikia sindano ikianguka.

Nyenzo nyingine, na kwangu hii ndiyo bora kuliko zote: matangazo ya kutafutana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomaliza utumwa, waliotenganishwa kwa kuuzwa walikuwa wakiandika magazetini kuwatafuta ndugu. Gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilianza safu ya matangazo hayo mwaka 1879 na likaiendesha miaka mingi, na wachungaji waliombwa kuyasoma mimbarini. Mtu anataja mama yake, wadogo zake, mara ya mwisho walionana wapi, nani aliwauza kwa nani. Yalikwisha kuandikwa ili yasomwe kwa sauti kanisani, na ninyi mpo kanisani. Msiongeze chochote. Kijana asimame mimbarini asome polepole, basi. Yanapatikana bure mtandaoni, kama zilivyo sensa na daftari za Freedman's Bank, benki ya akiba ya walioachiwa huru, ambazo mara nyingine zina majina ya wazazi na ndugu wa mwenye akaunti.

Kuhusu uoga wako wa kuwa mgeni: hapa Cleveland kuna Karamu House, kituo cha sanaa na maigizo, iliyoanzishwa 1915 na Russell na Rowena Jelliffe. Mshairi Langston Hughes alikuwa akienda pale akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Jumba lao la maonyesho liliungua 1939, jengo jipya likafunguliwa 1949, na jina lao ni neno letu. Watoto wakiniuliza maana yake huwa nawaambia ni chakula kingi na watu wengi walioalikwa. Wewe hapo ni mwalikwa. Kaa, kula, sikiliza, beba viti. Wakikuuliza maneno ya Kwanzaa, sikukuu yao yenye majina ya Kiswahili, yanatamkwaje, Kuumba, Ujima, Nia, wasaidie kwa moyo wote, maana hilo unalijua.

Muda: anza Oktoba. Miezi miwili ya kurekodi na kuandika, Desemba acha wapumzike, Januari mazoezi. Mchezo usizidi dakika 40. Gharama kubwa kwetu huwa chakula, kwa sababu baada ya onyesho hakuna anayetaka kuondoka, na wazee wengi husema yao pale mezani. Simu za kurekodia ziwe na chaji.