Mchanga Uliobaki kwenye Ndoo: Maswali Yenu Kuhusu Kuosha Gari Nyumbani

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu yote yanazunguka jambo moja: gari linaoshwa kila wiki, mbona linazidi kuchakaa? Naanza na lililoniuma zaidi.

Shikamoo fundi. Gari langu jeusi naliosha kila Jumamosi, lakini usiku nikiingia kituo cha mafuta, chini ya zile taa kali, naona bodi nzima ina mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui. Mchana haionekani sana. Rangi ni mbovu? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Rangi haina kosa. Utando huo umechorwa na mkono unaoosha, Jumamosi baada ya Jumamosi. Gari jeupe linao vilevile, ila linauficha.

Rangi ya magari ya siku hizi imepakwa kwa tabaka: praima, kisha rangi yenyewe, halafu juu kabisa klia, ambayo haina rangi na ndiyo inayong'aa. Kwa magari mengi klia hiyo ina unene wa maikroni 40 hadi 50 tu. Unywele wako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Sasa chukua vumbi la Dodoma, lenye punje za mchanga ambazo ni ngumu kuliko klia, ulipanguse kwa kitambaa kikavu asubuhi ukiwahi kazini. Hapo hujafuta vumbi, umepiga msasa.

Mwezi uliopita nilimwoshea jirani gari lililotoka safari ya Singida. Nililimwagia maji kwanza mpaka likaonekana safi. Kisha nikaosha kwa ndoo mbili, moja ya maji na shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu. Nilipomaliza sikuimwaga ile ya kusuuzia, niliiacha itulie mpaka jioni. Nikamimina maji ya juu taratibu. Chini palibaki tope jekundu, kama vijiko viwili vya chai. Nililisugua kati ya vidole viwili, likakwaruza kama sukari. Tope hilo lilitoka kwenye gari ambalo kwa macho lilikwisha kuwa safi! Anayeosha kwa ndoo moja hulirudisha lote kwenye boneti kila anapochovya.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari likae kivulini mpaka boneti ipoe, uweke kiganja usisikie joto. Mwagia maji kutoka paa kushuka chini, mengi, kabla hujagusa kitu. Tumia glovu ya mikrofaiba yenye manyoya marefu, kwa sababu punje huzama ndani ya manyoya badala ya kuburuzwa juu ya rangi. Sponji bapa haina pa kuzificha. Anza na paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na sehemu za chini ziwe za mwisho. Suuza glovu kila umalizapo sehemu moja. Mkono uende moja kwa moja, mbele na nyuma, bila kuzungusha na bila kukandamiza. Glovu ikianguka chini, siku hiyo kazi yake imekwisha mpaka ifuliwe. Matairi na rimu viwe na kitambaa chao na ndoo yao, maana vumbi la breki lina chembe za chuma.

Mikwaruzo iliyopo inaondoka kwa polishi laini. Lakini elewa inavyoondoka: polishi inakula klia kidogo mpaka isawazike na kina cha mkwaruzo. Piga mara moja, kisha badilisha namna ya kuosha. Anayepiga polishi kila mwezi anaitumia klia kama mtaji usiorudi. Mkwaruzo unaonasa ukucha mpelekee fundi rangi.

Fundi, mume wangu anasema shampuu ya gari ni biashara za watu tu, sabuni ya unga inatosha, povu si ni lile lile? (Mama wa Tabata)

Povu ndilo linalotudanganya, dada yangu. Sabuni ya unga imetengenezwa kutoa jasho na mafuta kwenye nguo, kwa hiyo ni kali upande wa alkali, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, huwa 10 hivi au zaidi. Shampuu ya gari huwa karibu na 7, sawa na maji. Sabuni ya unga haitaila rangi kwa siku moja. Itaondoa nta yote uliyopaka, itakausha mipira ya madirisha, na ile plastiki nyeusi ya bampa itapauka. Halafu kuna chembe ambazo hazijayeyuka. Zitazame kwenye kiganja chako kabla hujazipeleka kwenye rangi.

Shampuu inatumika kidogo, kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo nzima, na chupa ya lita moja inakwenda mbali. Ikiisha, osheni kwa maji matupu na mikono mipole. Maji peke yake ni bora kuliko sabuni ya nguo.

Naishi Kigamboni, natumia maji ya kisima na yana chumvi. Nikimaliza kuosha gari linabaki na madoa meupe, hasa kwenye vioo. Nayatoaje?

Maji yanakauka, madini yanabaki. Jua likiyapika madini hayo juu ya klia siku hadi siku, yanaanza kuila.

Osha asubuhi mapema au baada ya Alasiri. Usisubiri gari zima liishe ndipo ukaushe: osha boneti, suuza, kausha, ndipo uhamie mlango. Kukausha kuwe kwa taulo kubwa la mikrofaiba. Litandaze juu ya bodi lilivyo pana, ulivute taratibu kuja kwako, bila kusugua. Na kama una pipa, kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli. Hayana chumvi. Dumu moja la lita 20 la maji ya mvua kwa suuzo la mwisho linatosha kuondoa tatizo hili lote.

Madoa yaliyopo jaribu kwa siki nyeupe, nusu siki nusu maji. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja hivi kivulini, futa, suuza kwa maji mengi, kisha paka nta upya. Doa lisilotoka hapo limekwisha kuingia kwenye klia, na linataka polishi.

Nawe unaishi karibu na bahari, kwa hiyo tazama chini ya gari kuliko juu. Ukipita kwenye mchanga wa ufukweni, suuza uvungu siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hata kama itabidi ununue madumu mawili. Kwenye ukingo wa chini wa kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na mchanga, maji ya chumvi yanalala ndani na mlango unaoza kutoka ndani kuja nje, na utaona malengelenge ya rangi wakati bati limekwisha kutoboka. Kijiti cha meno kinatosha kuvizibua. Nimeona milango mingi mno iliyokufa kwa vitundu hivyo.

Maji kwetu ni ya mgawo. Nasikia vibaya kumwagia gari wakati majirani wanahangaika na ndoo.

Ni haki kusikia hivyo. Tuliokuwa Dar es Salaam wakati wa mgawo wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, hatujasahau. Mpira wa bustani unaotoa lita 15 kwa dakika, ukiachwa wazi dakika 20, unamwaga lita 300. Hayo ni madumu 15. Ndoo mbili na suuzo hazizidi madumu matatu.

Mimi hutumia bomba la mgongoni, lile la wakulima la kupulizia dawa, la lita 16. Linalowesha na kulainisha vumbi kwa maji machache kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Nunua jipya, usichukue lililokwisha kubeba dawa ya shambani. Na lingine la kukumbuka: osha mahali maji yanapozama kwenye udongo au nyasi, yasiingie kwenye mfereji wa mtaa. Wanaopeleka gari mtoni au ziwani wafahamu kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na fukwe za maziwa na bahari. Watu wanachota maji hapo chini.

Salaam aleikum fundi. Nilibeba samaki kwenye buti, maji yao yakamwagika, sasa ni wiki ya pili. Nimenyunyiza manukato ya kila aina na abiria bado wanafungua vioo. (Mombasa)

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Acha manukato kwanza, yanafanya harufu mbili badala ya moja.

Toa kila kitu kwenye buti: kapeti, ubao wa chini, tairi la akiba. Nina hakika maji ya samaki yametuama kwenye shimo la tairi la akiba, kwa sababu ndiyo sehemu ya chini kabisa. Shimo hilo mara nyingi lina kizibo cha mpira. Kitoe, maji yapate njia. Osha bati kwa maji baridi. Maji ya moto hugandisha damu na ute wa samaki, kama yai linavyoganda kwenye sufuria. Kapeti ukiishaitoa nje ya gari, hapo sasa sabuni ya unga ya yule mama wa Tabata ina kazi yake halali: iloweke, sugua kwa brashi, suuza mpaka maji yatoke meupe.

Baada ya hapo pitisha siki iliyochanganywa na maji kwenye bati na kwenye kapeti. Harufu ya samaki inatokana na kemikali za upande wa alkali, na asidi ya siki inazituliza, ndiyo maana tunakamulia samaki ndimu. Kisha anika juani, upande wa juu na wa chini, mpaka ikauke kabisa. Kapeti ikirudi na unyevu utapata ukungu, na hapo utaniandikia tena. Ikishakauka, nyunyiza baikaboneti ya soda ya kuokea, iache usiku kucha, asubuhi inyonye kwa mashine.

Taa za mbele zimekuwa za njano. Je, dawa ya meno inafanya kazi kweli? (Mwanza)

Inafanya kwa majuma machache, kisha njano inarudi. Kioo cha taa hizo si kioo, ni plastiki aina ya polikaboneti, na kiwandani ilipakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Ngozi hiyo ndiyo iliyokufa. Dawa ya meno inasugua ule uso uliopauka, lakini hairudishi kinga.

Kazi ya kweli ni msasa wa maji. Funika rangi ya pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, anza na namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, ukilowesha muda wote. Kila unapobadili namba badili na mwelekeo wa mkono, ili uone kama mistari ya msasa uliotangulia imeisha. Maliza kwa polishi, na siku hiyohiyo paka klia ya taa yenye kinga ya jua. Ukiruka hatua hii ya mwisho, umefanya kazi ya dawa ya meno kwa jasho zaidi.

Naweza kuosha injini mwenyewe?

Unaweza, ila usitumie mashine ya presha, na usiguse petroli, ambayo watu huitumia kukata mafuta. Mvuke wake unawaka kwa cheche moja. Injini iwe ya uvuguvugu, si ya moto. Chomoa taminali ya betri, ile ya hasi. Funika alteneta, mdomo wa eya klina, koili na sanduku la fyuzi kwa mifuko ya nailoni ya mkate. Pulizia sabuni ya kukata grisi, sugua kwa brashi ya rangi, suuza kwa maji ya polepole, acha ikauke boneti ikiwa wazi. Kwa gari la kila siku, mara moja kwa mwaka inatosha.

Popo wa kwenye mti wa mkungu wananimalizia gari kwa kinyesi kila usiku. Na utomvu wa mwembe je?

Usisugue kinyesi kilichokauka, kina mbegu na nyuzi ndani. Laza kitambaa kilicholowa maji juu yake dakika kumi, kitalainika kiondoke chenyewe. Kitoe asubuhi hiyohiyo, kwa sababu asidi yake ikichanganyika na jua la mchana inaacha kovu. Utomvu hutoka kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, kisha suuza mara moja. Ila dawa ya kweli ni kuhamisha gari.

Mafuta ya taa yanang'arisha matairi. Kuna ubaya?

Upo. Yanakula mpira. Osha tairi kwa brashi na sabuni, paka dawa ya tairi ya maji upande wa ubavuni tu, isifike kwenye uso unaokanyaga lami wala kwenye breki. Mwenye pikipiki asipake kabisa, maana pikipiki ikilala kwenye kona inakanyagia ubavu huohuo.

Gari langu huoshwa na kijana wa mtaani. Ni mwaminifu na mchapakazi, lakini ana ndoo moja na kitambaa kimoja. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Usimwambie, osha naye. Nunua ndoo mbili na glovu viwe vyako, vikae nyumbani. Siku ya kwanza ingieni kazini wote wawili, wewe upande huu, yeye upande ule. Mkimaliza, acheni ndoo ya kusuuzia itulie, mimina maji ya juu, mpe ule mchanga ausugue kwa vidole vyake mwenyewe. Na mwongezee malipo, kwa sababu kazi ya namna hii inakula saa nzima, na yeye ana magari mengine yanayomsubiri.